Alama ya Bluu Mgongoni

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Uliza soko lote la Bissil, utaambiwa. Nimeletewa mbuzi aliyelambishwa chumvi na kunyweshwa maji mpaka tumbo likawa kama ngoma, ili aonekane mzito, nikamgonga mara moja nikamwambia mwenyewe arudi na mtungi wake nyumbani. Nimeonyeshwa meseji za pesa za uongo. Nimesimamishwa barabara ya Namanga na watu wenye mapanga, wakachukua kila kitu wakaniachia soksi, na kesho yake nilikuwa sokoni kabla jua halijatoka, nikinunua kwa jina langu tu. Shule niliachia darasa la tano. Nilianza kwa kushika kamba za mbuzi wa watu. Leo niko na malori mawili na nyumba ya ghorofa tatu Kitengela, na wapangaji wangu wawili ni walimu. Walimu wananilipa kodi mimi. Napenda kusema hivyo na sioni kwa nini ninyamaze.

Niko na wasichana watatu na kijana mmoja, kitinda mimba. Wasichana niliwasomesha mpaka tukachoka, sikumbuki kama ni wao walianza kuchoka au ni mimi. Kijana ndiye alikuwa na kichwa. Akiwa darasa la sita alikuwa ananisomea vibali vya mifugo na karatasi za chanjo, na siku moja akanionyesha kwamba afisa fulani ameandika mbuzi arobaini mahali tulipakia hamsini. Hapo nikaamua. Tangu babu yangu ateremke kutoka Ukambani, hakuna mtu wa kwetu aliyemaliza kidato cha nne. Huyu atamaliza, kisha atasomea udaktari wa mifugo, na mimi nitakuwa mtu wa kwanza pale Bissil kuwa na daktari ndani ya nyumba. Niliwaambia watu wote. Wengine niliwaambia mara tatu.

Alipata nafasi shule moja ya bweni upande wa Kajiado. Sitaitaja, kwa sababu nimeweka sahihi karatasi inayosema sitaitaja, na hiyo karatasi tutaifikia.

Lazima kwanza nieleze alama. Sokoni, wanunuzi kumi wanaweza kujaza lori moja, na mbuzi ni mbuzi, ukifika Kitengela utamjuaje wako? Kwa hivyo kila mmoja wetu ana rangi yake. Ukishapatana bei na kulipa, unampulizia mbuzi alama mgongoni, juu ya nyonga. Mmoja ana mstari mwekundu, mwingine ana msalaba wa kijani. Yangu ni duara la bluu. Mbuzi akishapakwa, maneno yamekwisha. Hakuna mtu atamshika kiuno kuuliza bei, hakuna mtu atamwangalia mara mbili. Ameshakuwa wa mtu. Hata wazee wa Kimaasai, ambao wanamjua kila mnyama wao kwa sura kama vile wewe unavyowajua ndugu zako, wakiona duara la bluu wanampisha.

Siku ya kumpeleka kijana shule, nilitoa mkebe wa rangi nikapuliza duara kwenye sanduku lake la bati. Nikapuliza kwenye godoro, kwenye beseni, kwenye ndoo, hata ndani ya viatu. Akasema wenzake wanaandika majina kwa kalamu. Nikamwambia jina huandikwa na mtu ambaye hajulikani. Mkebe wenyewe, uliobaki nusu, nikautia ndani ya sanduku ili apake tena ikififia.

Tulienda na lori. Ningeweza kwenda na gari dogo, lakini nilitaka lori. Pale getini wazazi wengine walikuwa wamebeba magodoro kichwani, na mimi nikasimama nyuma ya lori kama mtu anayegombea kiti, nikawaita vijana wakubwa waliokuwa wakisaidia kubeba mizigo. Niliwapa kila mmoja mia mbili. Nikawaambia, mkiona duara hili mahali popote, mjue mwenyewe ni nani, na mnichungie kijana. Mmoja alikuwa na ndevu changa na adabu nyingi. Alipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo.

"Tumeelewa, mzee," akasema.

Nikarudi nyumbani nikiimba.

Katikati ya muhula alikuja na ndara. Viatu vimepotea, akasema. Nikanunua vingine, na nikapaka duara mwenyewe, kwa nguvu zaidi. Mwisho wa muhula alikuja bila blanketi wala sweta, na pesa za matumizi ambazo nilituma kupitia kwa matroni zilikuwa zimeisha wiki ya pili. Mama yake akasema mtoto amekonda. Nikamwambia mbuzi akibadilishiwa malisho hukonda kwanza, ndipo anashika. Mambo ya mbuzi nayajua. Nilikuwa najibu kila kitu kwa mbuzi miaka hiyo, na watu walikuwa wanacheka na kukubali, kwa sababu ni mimi nilikuwa nimenunua chai.

Likizo ya Agosti ndiyo ilikuwa mbaya. Alikuwa hataki kutoka. Ukimtuma dukani, anaangalia barabara kwanza kupitia tundu la geti. Mara mbili nilikuta kijana wa bodaboda ameegesha mbele ya nyumba yangu, si wa steji yetu. Nikamuuliza anataka nani, akaniamkia vizuri, akasema anangoja abiria, akaondoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amemaliza shule ileile mwaka uliotangulia, na kwamba alikuwa akitoka Kajiado mpaka Kitengela kwa pikipiki kuja kumkumbusha kijana wangu kwamba kikundi chao kinamdai. Wakifunga shule wanachukua nauli na simu pale steji ya Kajiado, wakifungua wanachukua mkate na sabuni ndani ya bweni, na likizo wanakufuata kwenu. Hawakuwa na likizo hao. Nimefanya biashara miaka thelathini na sijawahi kuwa na wafanyakazi wenye bidii namna hiyo.

"Huyu mtoto anaogopa kitu," mama yake akaniambia.

"Anaogopa kazi," nikasema.

Wiki ya mwisho ya likizo, pesa za chama cha akina mama zikapotea. Mama yake ndiye alikuwa mweka hazina, na zilikuwa ndani ya kopo la majani chai, juu ya kabati. Elfu nne na mia sita. Tulikuwa watatu tu ndani ya nyumba. Nilimpeleka kwenye zizi nyuma ya nyumba, nikamchapa na fimbo ya kuswagia mbuzi mbele ya wachungaji wangu wawili. Hakulia. Kijana wa miaka kumi na sita, hakujitetea hata kwa mkono. Nilipopumzika kupata pumzi, alisema kitu kimoja, taratibu, kama mtu anayekukumbusha umesahau kofia.

"Hujaniuliza zilikuwa za nani."

Mimi nikafikiri ni mambo ya msichana. Nikaongeza mbili.

Nilimrudisha shule siku moja kabla ya wengine. Kwenye korido ya ofisi, nikiwa nimesimama na deputi, naibu wa mkuu wa shule, mwalimu mama mmoja mpole wa kuongea na mgumu wa kusikia, nilisema kwa sauti yangu ya sokoni kwamba huyu kijana amekuwa mwizi, wamchunge, na akiripoti kwamba amepoteza kitu wasimwamini. Kulikuwa na wanafunzi watatu wanapiga deki, wale wa kidato cha nne waliobaki shule wakati wa likizo kwa sababu ya masomo ya ziada. Walisimamisha deki wakasikiliza. Mmoja alikuwa yule wa ndevu changa. Aliniamkia. Nikamwitikia, nikafurahi kwamba ananikumbuka.

Sasa fikiria vile nilivyofanya. Nilimvua mtoto ngozi ya mwisho aliyobaki nayo. Tangu siku hiyo angesema nini, na kwa mwalimu gani?

Simu ilikuja wiki ya tatu. Nilikuwa Bissil, nimeshika kiuno cha beberu, napatana bei ya wanyama thelathini na mzee mmoja tunayejuana tangu zamani, tumeshasalimiana kwa Kimaasai, sopa na ipa, tumeshaulizana habari za mvua, tumefika kwenye bei yenyewe. Deputi akasema kijana amepata ajali kidogo, yuko hospitali ya Kajiado, nikipata nafasi nipite. Nilimaliza bei kwanza. Ilichukua kama dakika arobaini. Nilipata kupunguziwa mia mia kwa kila mmoja, na nilikuwa bado nafurahia hizo mia mia nilipoingia wadi.

Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta. Mdomo umevimba. Muuguzi akamgeuza nione, akainua shati. Mgongoni, chini kidogo, juu ya nyonga, palikuwa na duara la bluu. Wauguzi walikuwa wamejaribu kulitoa kwa mafuta ya taa, ngozi imekuwa nyekundu pembeni, lakini rangi yangu mimi hununua ile nzuri, haitoki. Waliompaka walitumia mkebe wangu mwenyewe, uliokuwa ndani ya sanduku.

Nilikaa chini.

Alinieleza yote, bila kuniangalia. Kwamba usiku wa kwanza tu, wale vijana niliowapa mia mbili walikuja kitandani kwake. Hawakumpiga. Walimwambia mbuyu wake, yaani baba, ako na doo, pesa nyingi, na amejiandikisha mwenyewe, alama iko kwa sanduku. Kila wiki atatoa. Kulikuwa na vikundi vingine vya kunyang'anya watoto mle ndani, lakini wakija upande wake wanaambiwa, "Huyo wachaneni naye, ashapakwa, ni wetu," na wanapita. Mwanzoni aliona afadhali kuliwa na kikundi kimoja. Wakaanza kumwita Mbuzi. Mwalimu mmoja akalisikia jina na akalitumia darasani akidhani ni utani. Zile za chama alimpa yule wa bodaboda, mbele ya geti langu, mimi nikiwa ndani natazama habari. Na baada ya mimi kumtangaza mwizi kwenye korido, yeye aliona hakuna tena cha kuficha, akawaambia hatoi. Wakamngoja nyuma ya matangi ya maji wakati wa michezo. Watatu. Mmoja alikaa juu ya mkono wake ukavunjika, mwingine akapuliza rangi, na yule wa ndevu changa akamwambia sasa hata ukihama shule utajulikana ni wa nani.

"Unataka nifanye nini?" nikamuuliza. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza kitu tangu aingie shule hiyo.

"Sitaki pesa, Baba. Nataka tuende polisi niandikishe. Halafu waseme walichofanya mbele ya paredi, shule yote ikisikia. Wakisema, nitarudi nimalize. Wasiposema siwezi."

Nikampa mkono, ule wake wa kushoto uliokuwa mzima. Mimi nikipeana mkono sokoni, hata bei ipande nikiwa bado nimesimama pale, sirudi nyuma. Kila mtu anajua. Yeye pia alijua, maana nilimlea akinisikia nikisema.

Tuliitwa ofisini siku ya nne, kabla hatujafika kituo cha polisi. Deputi alikuwa ameniomba kwa simu nipite kwanza, tusikilizane kama wazazi, ndipo mambo mengine yafuate. Niliingia na kijana wangu, plasta imefungwa shingoni kwa kitambaa. Ndani, pamoja na yule wa ndevu changa, alikuwa amekaa mwenye bucha wangu mkubwa wa Kitengela. Miaka kumi na tano nampelekea mbuzi. Kila wiki ananunua kumi na mbili, na sikukuu ishirini. Harusi ya binti yangu wa kwanza ni yeye aliyechoma nyama. Sikujua ana mtoto shule hiyo. Yeye naye hakujua wangu, au alisema hakujua.

"Kumbe ni wewe, ndugu yangu," akasema, akasimama kunikumbatia. "Haya ni mambo ya nyumbani kabisa. Vijana wamecheza vibaya."

Nikasema hatukuja kucheza, tunaenda polisi. Nilisema, nakumbuka, na kijana wangu aliinua kichwa. Deputi akasema polisi ni haki yangu lakini nifikirie: vijana wakubwa wako karibu na mtihani, maisha yao yataharibika, jina la shule, na kesi yenyewe huko Kajiado itaahirishwa mpaka wote waote mvi. Wazazi wa wale wengine wawili, akasema, wamekubali lolote tutakalokubaliana sisi. Mwenye bucha akakohoa. Akasema yeye kama mzazi anasikia uchungu, na angependa kunishika mkono kwa gharama ya hospitali.

"Nitatoa elfu nane," akasema.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kueleza, na siwezi kueleza. Elfu nane ilinichoma. Haikunichoma kwa sababu ilikuwa pesa mahali pa haki. Ilinichoma kwa sababu ilikuwa ndogo. Mtu niliyempelekea mbuzi wanono miaka kumi na tano ananiwekea bei kama ya beberu mmoja aliyekonda wa kiangazi? Damu ya soko ikanipanda.

"Elfu nane ni ya nini?" nikasema. "Plasta peke yake unajua ni ngapi?"

"Basi sema wewe."

"Thelathini na tano."

"Ah, ndugu yangu, unaniua. Mkono si utapona? Ni kijana. Kumi na mbili."

"Ni mkono wa kulia. Huo ndio wa kuandika. Na viatu, na blanketi, na za chama. Thelathini."

"Kumi na sita, na uniachie nauli."

Tuliendelea hivyo. Kuna raha ndani ya kitu hicho, mtu ambaye hajakifanya hawezi kuijua. Unamwona mwenzako akipanda ngazi asiyotaka kupanda. Nilisimama kama nataka kwenda, nikarudishwa. Nilimshika kwenye sikukuu zilizokuwa zinakuja, nikamkumbusha mbuzi wa Desemba watatoka kwa nani. Deputi alikuwa anatuangalia mmoja baada ya mwingine kama mtu anayeangalia mpira. Tulipofika ishirini na tatu na mia tano, mwenye bucha akanyoosha mkono na mimi nikaupiga kiganja, pa, kama Bissil. Kutoka elfu nane! Niligeuka kwa furaha nimwangalie kijana wangu, aone baba yake alivyo.

Alikuwa anaangalia ile mikono yetu miwili, bado imeshikana.

Karatasi ikaandikwa, kwamba jambo limekwisha, hakuna atakayekwenda polisi, hakuna atakayetaja shule. Nikaweka sahihi. Mambo ya paredi sikuyakumbuka hata kidogo, naapa, yalikuwa yametoka kichwani kama hayakuwahi kusemwa. Mwenye bucha akatoa pesa kwenye bahasha na nyingine kwenye mfuko wa koti, nikahesabu, nikahesabu tena. Yule wa ndevu changa akaambiwa aombe msamaha, akaomba, kwa mikono miwili na kuinama kidogo.

Ndipo kijana wangu akasimama. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, hata deputi alidhani ni swali la nauli.

"Baba, kwa hivyo sasa niende na wao?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Mwenye bucha pia alicheka. Tulicheka wote wazazi, na kijana akangoja tumalize, akachukua begi lake kwa mkono wa kushoto akatoka. Nilimkuta ameketi nyuma ya lori, mahali pa mbuzi. Alikataa kuja mbele.

Hakurudi shule ile, wala nyingine yoyote. Nilimtafutia nafasi tatu, moja ya kutwa hapa hapa Kitengela, hatua chache kutoka kwangu. Nilimwambia sitakanyaga huko, sitapaka kitu. Alisikiliza kwa adabu. Mwezi wa kwanza alikwenda kwa dada yake aliyeolewa Entarara, wanalima nyanya, na huko ndiko aliko mpaka sasa. Plasta ilitolewa, mkono haukunyooka sawasawa, anabeba kreti kwa bega. Dada yake ananiambia anafanya kazi kama watu wawili na jioni anasoma vitabu vya zamani vya mume wake. Mwaka ambao angefanya mtihani ulipita. Siku ya matokeo wapangaji wangu walimu walikuwa wanashangilia wanafunzi wao pale chini, na mimi nilizima taa ya ngazi kama imeharibika.

Nikimpigia simu anaipokea mume wa dada yake. Nikienda Entarara nakuta ameenda shamba la mbali. Mara moja tu nilimkuta, yuko mtoni anaoga, shati limetundikwa kwenye kichaka. Niliona mgongo wake. Rangi imetoka, ngozi imekuwa safi kabisa. Aliponiona alivaa shati kwanza, likalowa, ndipo akaniamkia.

Bado nanunua mbuzi. Siku hizi natumia kamba nyekundu shingoni, na wenzangu wakiniuliza kwa nini niliacha duara nasema rangi imepanda bei. Mwenye bucha bado ni mteja wangu. Mwanawe alimaliza shule, yuko chuo. Tukikutana tunaulizana habari za nyumbani, na tunajibizana kwamba ni nzuri.

Watu sokoni hupenda kunihesabia hasara zangu: lile lori lililopinduka, kile kiangazi kilichoniulia mbuzi mia na ishirini. Hizo si hasara, hizo nilizirudisha. Hasara yangu ni moja, naijua mpaka shilingi ya mwisho, kwa sababu niliitaja mimi, nikaipandisha mimi, na nikaihesabu mara mbili mbele ya mtoto wangu. Ni elfu ishirini na tatu na mia tano, na nililipwa taslimu.